Pumzi za Kaka Yako Msellem

Mtambile,
Kusini Pemba.
9 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Shadya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta na afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukuonea kwenye ngazi za huko Maskati. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Vuli imeanza vizuri, karafuu zimeanikwa kila pahala mpaka mtu hana pa kukanyaga, na bati la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Utashangaa kuona mkono wangu kwenye karatasi zama hizi za simu. Sababu unayo mwenyewe, wifi yangu. Nikikutumia sauti, kabla sijaiweka simu chini ishafika kwenye kundi la ukoo, na Mwatum wa Jadida keshaitolea maelezo. Kwa hiyo nampa Hudhaifa, anayekuja huko Jumanne, akutie mkononi. Isome peke yako, kisha iweke chini ya godoro.

Najua mama alikupigia simu Jumatatu iliyopita akilia. Najua na alilokwambia, kwa sababu ule ujumbe wako wa dakika saba nimeusikiliza wote. Pale uliposema sina huruma hata ya paka niliuzima kidogo, nikaenda kukuna nazi, nikarudi nikamalizia. Sikukasirika. Mama kakwambia namshindisha njaa mwanawe, namfungia kabati la vyakula, na nimemrudishia bakuli lake la bokoboko likiwa na chakula ndani. Katika hayo matatu moja ni kweli, nami nitalifikia.

Kaka yako alinikataza nisikwambie kitu. Sasa mwenyewe ameniruhusu, basi sikiliza tangu mwanzo.

Ulipokuja mara ya mwisho alikuwa mnene, ukamtania. Baada ya hapo unene ukageuka kitu kingine. Kutoka dukani kwetu mpaka msikitini ni hatua mia mbili, nimezihesabu. Akipumzika mara mbili. Pa kwanza kwa fundi baiskeli, akijidai anauliza habari za mpira. Pa pili kwenye ukuta wa skuli, akijidai anafunga kamba za viatu. Wifi, kaka yako maisha yake hajavaa viatu vya kamba.

Usingizi wake nao ulikuwa mtihani. Anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini, halafu ghafla kimya. Mie nahesabu. Moja, mbili, nikifika kumi na tano anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeopolewa kisimani. Kisha anaanza tena. Kwa kuwa usiku halali, mchana analala popote. Mteja akiuliza bei ya sufuria anajibiwa na mkoromo.

Na unajua anavyoipenda adhana. Tangu ujanani ule msikiti haujapata muadhini mwenye sauti kama yake. Lakini mwaka jana ilifika hadi ya kupumzika kati ya neno na neno, watu majumbani wanangojea kama wanaongoja umeme urudi. Maalim Hamad, imamu wetu, akimstahi, anamwachia aendelee.

Mpaka siku moja ya Novemba, Alhamisi. Kaadhini adhuhuri, kakaa chini akaegemea nguzo kungojea watu, na kipaza sauti hakukizima.

Mie nilikuwa uani nachagua mchele. Nikasikia ngurumo inatoka msikitini, inapita juu ya mikarafuu, inakwenda. Fundi baiskeli alitoka barabarani kutazama lori gani hilo linalopanda. Jirani yangu akasema hiyo jenereta ya msikiti imeharibika. Miye nilijua si jenereta. Ule mkoromo nimeolewa nao miaka ishirini na sita.

Kisha kukawa kimya. Mtambile nzima kimya. Fundi baiskeli aliniambia baadaye kwamba na yeye alijikuta amezuia pumzi, na spana mkononi. Kimya kikazidi. Halafu kaka yako akavuta hewa, na watoto wote wa skuli wakashangilia kama limeingia goli.

Nilijifunika kanga nikaingia ndani. Nilisema leo nahama Pemba.

Jioni Maalim Hamad akaja nyumbani. Msellem alikuwa kajiinamia kwenye kochi, hataki hata chai. Maalim akakaa karibu yake.

"Msellem, sikuja kwa ajili ya aibu," akasema. "Watu watacheka wiki moja, kisha watapata jambo jingine. Mie nilikuwa nimesimama mbele yako. Ulikata pumzi, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Ilibaki kidogo nikusomee shahada, bwana. Nilidhani ushakwenda."

Hapo ndipo nilipoacha kuona haya, nikaanza kuogopa. Miaka yote nikihesabu kumi na tano nikajua ni tabia yake ya kulala. Kumbe kila usiku nilikuwa nahesabu namna ya kuwa kizuka, mjane wa kukalishwa eda.

Nahla wetu, unajua sasa ni muuguzi na anakaa Madungu, alikuja siku ya pili akamchukua babake kama anayekamata mtoro. Hospitalini Chake Chake walimpima wakasema aende Dar es Salaam kwa daktari wa mambo hayo. Mama tukamwambia anakwenda kutibiwa pumzi. Hatukusema uongo.

Safari ile ni kisa peke yake. Ndege zenyewe zile ndogo, abiria wanapimwa uzito na mizigo yao ili rubani ajue nani akae wapi. Kaka yako akapanda mizani kavaa kanzu yake nyeupe. Yule kijana akatazama namba, akamtazama yeye, akatazama ndege. Mia moja na hamsini na moja. Basi ikabidi mzigo upunguzwe, na mzigo uliopunguzwa ni wangu. Nimekwenda Dar na buibui moja na mkoba wa mkononi, wifi, kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi.

Daktari ni mwanamke, Dokta Suhaila, mdogo wa umri lakini hachezi. Alimfunga pua kwa kibanio, akampa mrija apulize kwa nguvu zote mashine iandike. Msellem akajikusanya, akapuliza kwa kishindo, akatazama mashine kwa majivuno. Daktari akasema mapafu yake yanafanya kazi kama ya mzee wa miaka themanini. Ana hamsini na mbili. Kisha akalazwa usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, wakamhesabia. Pumzi zilikuwa zikikatika mara arubaini na sita kwa saa moja. Mie na kuhesabu kwangu kote nilikuwa sijafika hata nusu.

Dokta Suhaila akasema dawa ya kudumu ni kupungua mwili, na kwa uzito ule njia iliyobaki ni upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Kaka yako akaruka.

"Daktari, mimi nimekuja na ugonjwa wa pumzi. Tumbo langu limekukosea nini?"

"Baba, tumbo ndilo limeikalia pumzi yako," akajibu. "Chini ya mapafu kuna msuli unaoshuka kila ukivuta hewa. Wako hauna pa kushukia, mafuta ya tumboni yanausukuma juu. Kifua nacho kimebeba mzigo, hakipanuki. Na ukilala, mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa. Wewe huumwi mapafu. Mapafu yako yamekosa nafasi."

Msellem akajitazama tumbo kwa muda mrefu, kama anayemtazama mtu aliyemwamini.

Hakutuficha hatari zake. Alisema mtu mwenye pumzi kama zile, dawa ya usingizi yenyewe ni hatari, ndiyo maana hapasuliwi hivi hivi. Kwanza alale na mashine miezi kadhaa, ajizoeze kuvuta pumzi, apunguze kilo chache kwa chakula. Akasema pia kwamba wapo wanaopata matatizo, na upasuaji si uganga, mtu asipobadili ulaji wake uzito unarudi. Nilitoka nje kwenye korido nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi nikasema, "Haya, tuelezeni hiyo mashine."

Mashine, mwenzangu! Ni kisanduku chenye bomba, na bomba lina barakoa ya kuvaa puani na mkanda wa kichwani. Inampulizia hewa ili koo lisifunge. Akiivaa anafanana na wale wapiga mbizi wa hoteli za kitalii. Wiki ya kwanza kila nikigeuka nashtuka. Umeme ukikatika mashine inazima, naye anaamka kwa hasira kuulaani umeme, na mie pembeni nautetea. Lakini asubuhi ya tatu aliamka akasema, "Mwanaasha, leo kichwa hakiniumi." Miaka minne alikuwa akiamka na kichwa, akidhani ndivyo watu wanavyoamka.

Alipewa na kidude cha plastiki chenye vigololi vitatu. Unavuta hewa kwa mrija, vigololi vinapanda. Siku ya kwanza hakikupanda hata kimoja. Akakipeleka dukani, akawa anavuta mbele ya wateja. Kikipanda kimoja anatangaza. Siku hizo fundi baiskeli ndiye aliyekuwa akija kumuuliza yeye, "Leo ngapi?" Kabla ya Ramadhani kwisha alikuwa kafika vigololi viwili.

Upasuaji ulikuwa Aprili, baada ya Idi. Asubuhi ile, kabla hawajamchukua, akanivulia saa yake akanipa. Akasema, "Mwanaasha, niwie radhi yote. Na likitokea la kutokea, ukiolewa, mumeo asikae kwenye kiti changu cha dukani." Nikamwambia kwanza atoke humo, mambo ya kiti tutayazungumza. Wakamsukuma akaenda. Alikaa humo saa mbili na nusu, Shadya. Nilisoma Yasini mpaka sauti ikakauka, na Nahla, muuguzi mzima, akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika siku ya kwanza ya skuli.

Alitoka salama. Wakamuinua siku ileile jioni atembee, ili kifua kisijae na damu isigande miguuni. Akawaambia wauguzi kwamba kwao Pemba mgonjwa analala. Wakamwambia wamesikia, apige hatua. Akapiga kumi. Na mkononi kidude chake cha vigololi, hakukiacha.

Nyumbani ikaanza kazi ya kula. Wiki za mwanzo maji maji tu, kijiko kimoja kimoja, kisha uji laini, kisha samaki aliyepondwa. Tumbo lenyewe limebaki jembamba kama ndizi. Mtu aliyekuwa akimaliza sinia la pilau anakaa na kibakuli cha supu nusu saa, ananitazama kama mimi ndiye niliyemkata. Nywele zilimdondoka kidogo, zimerudi. Vidonge vya vitamini anakunywa kila siku, na daktari kasema ni vya maisha. Na baridi! Kaka yako anavaa sweta hapa Mtambile, adhuhuri, watu wanapita vifua wazi.

Kilo zikaanza kuporomoka. Leo ana mia moja na kumi na tatu. Lakini kabla hata ya kanzu kumpwaya, pumzi ndiyo iliyotangulia. Mwezi wa Juni nilikuwa njiani nyuma yake nikamwona kapita kwa fundi baiskeli bila kusimama. Fundi akamwita, "Msellem, huulizi mpira?" Akajibu huku akienda, "Sina haja ya mpira mie!"

Mkoromo ukapungua nao, mpaka siku moja niliamka sisikii kitu. Nikamgusa, hajagutuka. Nikampiga kofi la shavu kwa nguvu zangu zote. Aliruka akauliza kuna mwizi? Nikamwambia hakuna, nilikuwa natazama kama yu hai. Ilibidi nijifunze upya kulala na mtu anayepumua kama watu. Mwezi uliopita walimpima tena. Zile arubaini na sita zimekuwa tisa. Mashine hajaruhusiwa kuiacha, kaambiwa mpaka kipimo kijacho. Na adhana ya alfajiri Maalim Hamad kamrudishia, anakwenda nayo bila kituo mpaka majogoo wanaachwa nyuma.

Sasa bokoboko.

Mama alikuwa anamwona mwanawe anapungua, haelewi, na sisi waoga hatumwambii kwa ajili ya presha yake. Akaanza kutuma vyakula. Mie navila, wifi, sikufichi. Ningefanyaje? Chakula cha mama hakitupwi. Basi katikati ya Oktoba akaleta bokoboko la ngano na kuku, limepondwa likalainika, la samli, bakuli kubwa lile la maua, na kwa kuwa aliona mimi simpi, akampelekea moja kwa moja dukani. Kaka yako akajificha nyuma ya mikeka akala. Si kijiko, si viwili. Kala haraka, kama anayefukuzwa.

Nilipoitwa nilimkuta kalala sakafuni, jasho linamtoka, anatapika, anasema "nimepasuka, nimepasuka." Nahla akampigia Dokta Suhaila, daktari akauliza maswali yake, akasema hajapasuka, kashiba tu kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Apumzike, asile kitu mpaka jioni, na huo uroho aweke mbali.

Na mie, kwa hasira na hofu ya siku ile, nikalifunika bakuli na chakula chake nikamrudishia mama. Hilo ndilo la kweli. Najua lilivyo. Kumrudishia mkwe bakuli lililojaa, heri ningemtukana. Tangu hapo hakusema nami, na wewe ukapata simu.

Alhamisi hii asubuhi Msellem akavaa kofia akasema, "Twende kwa mama. Leo namwambia." Nikamwambia niite bodaboda. Akasema hapana, kwa miguu.

Unaijua ile njia ya kwa mama, ule mlima na mizizi yake iliyotambaa. Miaka mitatu kaka yako hajaupanda, mama ndiye aliyekuwa akishuka. Akatangulia. Nilimwambia taratibu utachoka. Anakwenda tu. Nilipofika nusu nilimwona mgongo tu. Nilipofika kwenye shina la mfenesi sikumwona kabisa, nasikia tu sauti yake juu huko inabisha hodi.

"Nani?" mama akauliza kutoka ndani.

"Mimi, mama."

"Mimi nani? Jitaje jina, watu wana majina."

"Msellem."

Mama akatoka, ufagio mkononi, akasimama mlangoni akamtazama.

"Sikukujua," akasema. "Mie mwanangu huwa namsikia kuhema kutoka kule bondeni. Nateleka chai, inachemka, ndio kwanza anafika."

Msellem akamkalisha barazani akamwambia yote. Mashine, arubaini na sita, upasuaji, na bokoboko. Akainua kanzu akamwonyesha alama. Mama akazihesabu kwa kidole, tano, kila moja kama jicho la sindano ya kushonea magunia.

"Hivi vitundu ndivyo walivyokutolea uzito wote ule?"

"Hapana mama. Hivyo wamepunguzia tumbo tu. Uzito nimeutoa mwenyewe, kwa njaa."

Mama akalia, kisha akacheka, kisha akamfinya mkono kwa kutoambiwa. Haya yote Msellem ndiye aliyenisimulia, kwa sababu miye wakati huo nilikuwa bado naupanda mlima. Kula vya watu wawili miezi sita, wifi, vinaonekana. Nilipotokeza uani niliushika mgomba, nikataka kutoa salamu na kuomba radhi yangu, kinywa kimefunguka na sauti haitoki. Nahema tu.

Mama akanitazama juu mpaka chini. Akamgeukia mwanawe.

"Na huyu je," akasema, "anapelekwa lini?"

Tumepatana, Shadya. Radhi kanipa kabla sijapata pumzi ya kuiomba, na kaniletea kiti mwenyewe. Kila asubuhi sasa tunaupanda ule mlima wote wawili, na Msellem ananingojea kwenye mfenesi.

Ile halua uliyoahidi, kwake usitume, daktari hataki sukari. Ukiona lazima utume, basi iwe robo, na usimwambie Nahla.

Nahla anakusalimu, na Maalim Hamad, na fundi baiskeli ambaye kataka jina lake litajwe lakini mie nalisahau kila mara. Mama anasema simu ya wiki iliyopita uifute. Nisalimie shemeji na uwabusu watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Mwenyezi Mungu akupeni afya, usingizi mwema na pumzi ndefu, na atukutanishe tukiwa tunapanda milima kwa miguu yetu.

Wifi yako akupendaye hata baada ya dakika saba,
Mwanaasha